Kuisaidia Nyumba ya Mkulima Ipatwapo na Maradhi ya Ghafula

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama. Yapigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Jambo tulilolichagua si geni kwa yeyote aliyemo humu. Hapana mtumishi mwenye asili ya shamba asiyepata kupokea khabari ya usiku kwamba fulani ameanguka, amepelekwa hospitali, na nyumba nzima imeshika tama. Naye aipatapo khabari hiyo hufanya ayajuayo: hutuma fedha, na akipewa ruhusa ya siku mbili huenda akamtazama mgonjwa, kisha akarudi kazini kwake. Hayo ni mema, wala hatukuja kuyatia kasoro. Twataka kuonyesha tu kwamba hayatoshi, na kutaja yale mengine yapasayo kufanywa.

Kwa kuwa maneno ya jumla humfaa mtu kidogo, tumechagua Kiuyu, kaskazini ya Pemba, kuwa kielelezo chetu. Wasiopajua hudhani Kiuyu ni kijiji kimoja. La, jina hilo lashika vijiji kadha. Kiuyu Minungwini na Kiuyu Kigongoni vimo katika Wilaya ya Wete. Kiuyu Mbuyuni imo katika Wilaya ya Micheweni, kwenye rasi ielekeayo bahari ya mashariki, jirani na Maziwa Ng'ombe. Nchi nayo si moja. Kadiri mtu aelekeapo magharibi hukuta vilima vyenye mikarafuu, minazi na migomba, na mabonde ya mpunga katikati yake. Kadiri aelekeapo mashariki hukuta nchi ya mawe, yenye udongo haba uliokaa baina ya jiwe na jiwe. Huko watu hulima muhogo, mtama na mbaazi, na riziki isiyotoka katika ardhi huitafuta baharini, kwa uvuvi na kwa mwani. Yafaa tuikumbuke tofauti hii, maana msaada ulio mwema upande mmoja huenda usifae kitu upande wa pili.

Sasa na tutazame tofauti iliyoko baina ya mwenye mshahara na mkulima wanapougua. Karani akianguka kazini, ofisi humwandikia ruhusa; mwenziwe hushika faili zake; na mwisho wa mwezi mshahara huingia angali kitandani. Mkulima hana wa kumwandikia ruhusa. Mvua haimngoji, na magugu hayasomi barua ya daktari. Tena akianguka yeye, haanguki peke yake: mkewe huacha jembe ili amuuguze, kijana mkubwa huacha skuli ili ashike nafasi ya baba, na jamaa wa karibu huenda na kurudi hospitali. Mgonjwa ni mmoja, lakini mikono iliyoondoka kondeni huenda ikawa mitatu au minne. Ndiyo sababu twasema ya kwamba aghalabu nyumba ya mkulima haifilisiwi na dawa. Hufilisiwa na msimu uliopita bila ya kazi. Maradhi huweza kupoa kwa mwezi mmoja, na hasara ya msimu ikakaa mwaka mzima na zaidi.

Na tutie mfano. Mzee wa makamo wa Kiuyu Minungwini, tuseme wa miaka 55, ana mikarafuu yake michache, ana muhogo, na konde la mpunga bondeni. Ni mwezi wa Aprili, masika yamekolea, na mpunga wataka palizi. Alfajiri moja aamka, mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda upande, na maneno hayatoki sawasawa. Hicho ni kiharusi, na mara nyingi hutokana na shindikizo la damu ambalo mwenyewe hakujua kuwa analo, kwa sababu halikuwa likimuuma.

Jambo la kwanza ni upesi. Saa iliyoanza dalili na ikumbukwe, maana ndiyo daktari atakayoiuliza kwanza. Mgonjwa alazwe kwa ubavu, wala asinyweshwe maji wala uji wala dawa ya aina yoyote mpaka hospitali waone kama aweza kumeza. Kwani koo nalo huenda limelegea, na alichonyweshwa kikaingia mapafuni. Wako watakaosema kapigwa na upepo, na watataka aitwe mganga kwanza. Hapa tunene kwa adabu, maana hao ni wazee wetu nao watenda kwa mapenzi. Dua na isomwe, lakini isomwe garini. Hapana mzee atakayekasirika akiambiwa hivyo kwa upole. Na lililo kweli kwa kiharusi ni kweli pia kwa ngiri iliyojisonga, kwa mja mzito atokwaye na damu, na kwa aliyeumwa na nyoka: kila saa ipitayo hupunguza nafasi ya kupona.

Jambo la pili ni mtu mmoja wa kusema na daktari. Yaonekanayo mara nyingi ni haya: jamaa kumi wako hospitali, kila mmoja ameambiwa neno lake, na jioni nyumbani pana habari kumi zisizopatana. Na achaguliwe mmoja, awe na daftari, aandike jina la maradhi, dawa zilizotolewa, vipimo vilivyofanywa na siku ya kurudi. Kazi hii ndiyo yetu khasa sisi tulioishi kwa kalamu. Mgonjwa wa Kiuyu huweza kupokewa Micheweni, au Kinyasini, au Wete, kisha akapelekwa Chake Chake, au Hospitali ya Abdalla Mzee iliyoko Mkoani, na ikibidi akavushwa bahari mpaka Mnazi Mmoja, Unguja. Katika kila mlango atakutana na watu wapya waulizao maswali yale yale. Mwenye daftari hujibu kwa dakika tano. Asiye nalo huanza upya, na siku hupotea.

Twaja kwenye gharama. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 matibabu katika hospitali za Serikali ya Zanzibar yalitangazwa kuwa bure, na vizazi kadha vimekua na tangazo hilo. Lakini hata pale dawa isipouzwa, safari huuzwa. Kuna nauli ya gari, nauli ya boti, chakula cha mgonjwa na cha anayemuuguza, mahali pa kulala mjini, na dawa ambayo siku ile haikuwapo ghalani. Tena mwaka 2023 ilipita sheria ya kuanzisha Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, na walioanza kuandikwa ni watumishi wa umma. Maana yake ni kwamba katika nyumba moja yaweza kuwa kaka mtumishi ana kadi, na mdogo wake mkulima hana. Hatusemi hivi kwa kulaumu, kwani kila jambo huanza mahali. Twasema ili kila mwanachama aende akaulize leo, kabla ya msiba: ni nani walioandikwa chini ya jina langu? Ni nani wawezao kuongezwa? Na yule asiyeweza, nimwekee nini badala yake? Kadhalika wazee wetu waliotimiza miaka 70 wana haki ya pensheni jamii, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi shilingi 50,000. Akiwapo nyumbani mzee ambaye hajaandikwa, kumwandikisha kwa sheha ni msaada mkubwa kuliko noti moja ya kumtia mkononi.

Baada ya hayo twafika kwenye konde, nalo ndilo kiini cha hotuba yetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi twaona methali hii yawafaa sana wageni waendao kumtazama mgonjwa. Siku ya kwanza na ya pili waje, wakae, wapoze moyo wa wenyewe. Siku ya tatu waulizane: palizi imefika wapi? Watu sita wakishika majembe asubuhi mbili, konde lile la mpunga limekwisha. Wasiposhika, magugu hulisonga, na mwezi wa Julai, wakati wa mavuno, mke wa mgonjwa atakwenda dukani kununua mchele kwa mkopo. Na palizi si mwisho. Mpunga ukianza kutia nafaka wataka mtu wa kuwaamia ndege tangu alfajiri mpaka magharibi, na mara nyingi ni mtoto wa skuli apelekwaye huko. Kazi hiyo na igawanywe kwa zamu baina ya majirani, ili mtoto yule arudi darasani.

Kwenye nchi ya mawe hesabu ni nyingine. Huko mwenye kuugua huenda ni mke, na anayebaki peke yake ni mume. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi waifanyao kazi hiyo ni wanawake. Mwani hutazamwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Yakija maji mafu haufikiki. Mwanamke akikosa bamvua moja kwa kuwa yuko hospitali na mtoto, kamba zilizolegea hazikufungwa, na mwani uliokomaa unakatwa na mawimbi ukapotea. Hapo mtu wa kumtumia fedha peke yake hajamsaidia sana. Aliyemsaidia ni wifi au jirani aliyeingia baharini akamfungia kamba zake pamoja na zake mwenyewe. Basi mtumishi aliyeko mjini na apige simu aulize: ni nani atakayemshikia mwani wake bamvua hii? Na kama hapana, fedha zake na zimlipe mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Sasa twaomba mtuvumilie tuseme juu ya mikarafuu na madeni, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapoumia. Karafuu ikishindwa kuchumwa kwa wakati wake hufunguka maua, na thamani yake huanguka. Kuchuma kwataka watu wengi; baada yake kuna kuchambua makonyo, na kuanika, na kuingiza ndani mvua inapotishia. Nyumba yenye mgonjwa yajua kwamba haina mikono hiyo. Basi humjia mtu mwenye fedha tayari, akasema: nikodishe mikarafuu yako msimu huu, nakupa fedha leo. Mke ana nauli ya kulipa kesho yake. Hukubali kwa bei ya kutupa. Msimu unapofika, mwingine huchuma na kuuza, na wenye mashamba hutazama.

Jambo hili lina historia ndefu katika visiwa vyetu. Madeni ya wakulima wa karafuu yalikuwa makubwa hata mwaka 1933 Serikali ya wakati ule iliwaweka Bwana Bartlett na Bwana Last kuyachungua, na mwaka 1934 zikatungwa sheria za kuzuia ardhi za wenyeji zisiponyoke kwenda kwa wakopeshaji. Miaka mingi imepita na mengi yamebadilika, lakini mlango wa deni ungali ule ule: mtu mwenye mali shambani, asiye na fedha mkononi siku ya dhiki.

Nasi twauliza kwa unyenyekevu: ni nani katika kijiji mwenye fedha tayari mwezi wa Aprili? Mara nyingi ni mwenye mshahara. Hapana sheria imkatazayo mtumishi kukodi mikarafuu. Ni biashara halali. Lakini mtumishi akienda kumtazama ami yake hospitali, kisha akirudi kijijini akaikodi mikarafuu ya ami yake yule yule kwa nusu ya thamani yake, na akaliita tendo hilo msaada, basi neno msaada limepoteza maana. Akitaka kusaidia, na akopeshe kwa kiasi kijulikanacho, mbele ya mashahidi wawili, bila ya ziada, alipwe karafuu zitakapouzwa. Nayo mikarafuu ibaki kwa mwenyewe. Au awalipe wachumaji, arudishiwe gharama yake, na faida iende nyumbani kwa mgonjwa.

Viko pia vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo vimeenea Pemba na wanawake wengi wamo. Fedha zao hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbali mbali. Pamoja na akiba, vikundi hivyo huwa na mfuko wa jamii kwa ajili ya maradhi na misiba. Mwanachama wetu ambaye mkewe au mama yake hayumo katika kikundi, na amshauri aingie, na hisa ya kwanza amtolee yeye.

Hatuwezi kumaliza bila ya kusema juu ya mgonjwa mwenyewe anaporudi nyumbani, kwa sababu wageni hupungua siku ile ile kazi inapoanza. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza huhitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asije akapata vidonda vya kulalia. Mkono na mguu huhitaji mazoezi kila siku, kama alivyoonyesha mtaalamu wa hospitali. Dawa ya shindikizo la damu huliwa kila siku hata akijiona mzima. Wengi huacha wapatapo nafuu, na kiharusi cha pili huja kwa mlango huo. Anayeuguza naye ni mtu: alale, ale, atoke nje akaone jua. Dada au shemeji akimpokea siku mbili kwa juma amemwokoa asiwe mgonjwa wa pili.

Tena mgonjwa asigeuzwe mtoto. Ulimi wake huenda ukawa mzito na akili yake ni nzima. Yeye ndiye aijuaye mipaka ya konde, ndiye ajuaye mbegu iko wapi, mkarafuu gani umezeeka, na nani anadaiwa kibaba cha mpunga. Kijana aliyeshika jembe na aje jioni, akae karibu na kitanda, aulize: baba, kesho tuanze wapi? Asubiri jibu hata likichelewa. Mtu aliyelima miaka thelathini kisha akaona shamba laendeshwa bila ya kuulizwa hupata maradhi mengine juu ya yale aliyo nayo.

Twajua litakalosemwa: mshahara ni mmoja, na nyumba ni nyingi. Ni kweli. Mtumishi mmoja aweza kuwa tegemeo la wazazi, la wakwe, na la ndugu watano, na akijaribu kuwabeba wote kwa mfuko wake ataanguka yeye. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na chama. Alipoanzisha Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni, Unguja, chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, kiliwakusanya Waislamu na Wakristo, na watu wa makabila mbali mbali, kwa sababu mmoja mmoja hawakuwa na nguvu. Nasi tusitafute nguvu pengine.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaweka mbele ya mkutano mambo manne.

Kwanza, kila mwanachama aandike majira ya kwao: nyumbani hulimwa nini, palizi ni mwezi gani, mavuno lini, mwani au karafuu viko vipi. Daftari hilo likae kwa Katibu, ili khabari ya ugonjwa ijapo, tujue siku ile ile ni kazi gani itakayoanguka.

Pili, vyama vingi vina mfuko wa maziko. Na tuweke kando yake mfuko wa jembe, mdogo kwa kuanzia, usiotolewa kwa kununulia chochote ila kazi: palizi, kuamia ndege, kuvuna, kuchuma, kufunga mwani. Anayekufa twamsitiri, anayeugua na tumlindie msimu wake.

Tatu, katika kila kituo cha kazi wachaguliwe wawili wa kuwasaidia wagonjwa wa shamba katika mambo ya karatasi: barua ya rufaa, kadi, pensheni, na daftari la daktari. Kazi hii haina gharama ila wakati.

Nne, mwanachama asikodi mikarafuu, wala asinunue konde wala mnyama, wa nyumba yenye mgonjwa wa ghafula, mpaka ipite miezi sita. Twajua neno hili litapingwa, na twaomba lipingwe hapa mkutanoni, kwa hoja, kuliko kukubaliwa hapa na kuvunjwa shambani.

Haya ndiyo tuliyokuja nayo. Masika hayako mbali, na hatujui simu ya usiku itakayokuja itakuwa ya nyumba ya nani.